Unaenda Marekani wakati wa theluji? Usipaki kama mimi

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi napata meseji za watu wa hapa Nakuru wenye wana ndugu majuu, "eti wamesema mwaka huu theluji itakuwa kidogo, nibebe nini?" Mimi huwacheka kidogo kwa sababu nilishaumia.

Januari 2015 nilikuwa naenda Boston kwa dadangu, amejifungua. Na ujuaji wangu nikaingia kwa intaneti nikapata utabiri wa NOAA, hao ndio watu wa hali ya hewa wa serikali ya Marekani, ulitoka Oktoba 2014 na ulisema upande ule wa New England, ndiko Boston iko, kuna uwezekano wa joto kupita la kawaida. Haya basi. Nikaenda mitumba nikachukua jaketi ya mia nne, ile ya kwenda nayo Molo, na raba. Dada akanipigia, "beba buti," nikamwambia tulia, nimesoma.

Nafika, theluji ni kidogo tu, nikajiona mjanja sana. Halafu tarehe 26 na 27 ikaanguka zaidi ya sentimita 60 kwa dhoruba moja, na haikuishia hapo, Februari yote ni kupiga sepetu, treni zikasimama, watu wanaweka viti barabarani kulinda pakingi yenye wamechimba wenyewe (usijaribu kutoa hicho kiti, nakuambia). Msimu mzima Boston ilipata zaidi ya mita 2.7, rekodi.

Sasa hao watu hawakudanganya, ni mimi sikusoma vizuri. Utabiri wa msimu hugawanya mambo mara tatu, chini ya kawaida, kawaida, juu ya kawaida, na kila moja huanza na kama asilimia 33. Wakikupea 40 kwa joto, bado 60 imebaki kwa zile zingine mbili! Tena wanaongea juu ya joto na mvua ya miezi mitatu kwa jumla, kiasi cha theluji hawataji, kwa sababu theluji huletwa na dhoruba moja moja na dhoruba huonekana vizuri siku chache tu kabla. Ni kama huku kwetu, ukiambiwa masika itapita kawaida haimaanishi mahindi yako ya Njoro yatanyeshewa ile wiki unataka.

Kwa hivyo siku hizi huo utabiri wa mbali nautumia kwa vitu vikubwa tu, kama kununua tiketi yenye unaweza badilisha tarehe. Nguo napaki kama theluji iko, basi. Ikibaki wiki moja naanza kuangalia kila asubuhi, na zikibaki siku mbili ndio naamini. Buti nunua kule kule ukifika, na glavu beba mbili mbili, moja italowa tu.

Ile jaketi ya mia nne niliiwachia dada. Anapangusia gari.