Choo Hakina Minyoo, Lakini Mtoto Anayo

Mtoto wa miaka miwili au mitatu anachezea udongo kwenye ploti, Kayole au Kawangware, Nairobi. Anakohoa wiki baada ya wiki, kifua kinalia filimbi, homa inakuja na kuondoka, chakula hataki, na tumbo linamuuma upande wa ini. Kliniki wanatibu kifua. Akirudi, wanasema ni pumu. Mama akitaja minyoo, anapewa kikopo alete choo. Jibu: hakuna minyoo. Hapo ndipo wengi hupotea njia, maana huenda ni minyoo ya mbwa, iitwayo Toxocara, ambayo mtoto huipata kwa kumeza mayai yake yaliyo udongoni.

Minyoo ya mbwa haikomai ndani ya binadamu. Mayai yakimezwa huanguliwa kwenye utumbo mdogo, viminyoo vikatoboa ukuta wake na kusafiri kwa damu hadi kwenye ini, mapafu, ubongo au jicho. Havitagi mayai. Choo kipimwe hata mara kumi, hakitaonyesha kitu. Bado kipimwe, lakini kwa sababu nyingine: kutafuta minyoo ya kawaida na safura, ambazo nazo hupandisha eosinofili.

Na hizo eosinofili, yaani seli nyeupe za damu zinazoongezeka kwa minyoo na mzio, ndizo za kuuliza kwanza. Omba hesabu kamili ya damu, usome idadi na si asilimia peke yake: asilimia 10 ya seli nyeupe 4,000 ni 400, hali ya kawaida; asilimia 10 ya 12,000 ni 1,200, imezidi. Kikomo ni takriban 500 kwa kila maikrolita. Zikiwa juu, hatua inayofuata ni kipimo cha kingamwili (protini za kinga ambazo mwili huunda) dhidi ya Toxocara, na ultrasaundi ya ini. Kingamwili zikipatikana, zisisomwe peke yake, maana hubaki mwilini hata miaka baada ya maambukizi.

Mwambie daktari bila kuulizwa kama mtoto hula udongo, na kama kuna vitoto vya mbwa jirani. Vitoto hivyo huzaliwa na minyoo tayari, tena huipata kwa maziwa ya mama yao. "Hatufugi mbwa" si jibu la kutosha: mayai huhitaji wiki mbili hadi nne udongoni ndipo yaambukize, kisha hudumu miezi, hata miaka. Mbwa wa mtaani aliyepita zamani anatosha.

Jicho ndilo linalotutia hofu zaidi. Mara nyingi mtoto ni mkubwa kidogo, haonekani mgonjwa, eosinofili za kawaida, na hata kingamwili zaweza zisionekane kwenye damu. Mzibe jicho moja kwa kiganja, kisha la pili; akilia au kusukuma mkono upande mmoja tu, huenda jicho lililobaki wazi halioni vizuri. Kengeza jipya, au mboni nyeupe kwenye picha ya simu, ni safari ya kliniki ya macho wiki hiyo hiyo, kwa kuwa saratani ya jicho ya watoto huonekana vivyo hivyo.

Tembe moja ya dawa ya minyoo inayotolewa shuleni haitoshi. Albendazole hutolewa kwa kawaida miligramu 400 mara mbili kwa siku, siku 5, pamoja na chakula chenye mafuta, kwa maagizo ya daktari. Jicho lina matibabu yake, usianze dawa nyumbani. Baadaye rudia hesabu ya damu, uone kama eosinofili zinashuka.