Usukani wa waya au wa haidroliki: yaliyonipata kwenye boti mbili

Ndugu mleta mada, umeuliza kama boti yako ya faiba ya futi 22, inayopeleka wageni kisiwa cha Mbudya kutoka Kunduchi, Dar es Salaam, ibaki na usukani wa waya au uhamie haidroliki utakapotoa mashine ya nguvu za farasi 60 na kufunga ya 115. Nimetumia mifumo yote miwili, kwanza nikibeba abiria wa Bongoyo kutoka Msasani, na najibu kwa yale yaliyonigharimu.

Kwenye mfumo wa waya, gia ya usukani husukuma au kuvuta waya mmoja mnene ulio ndani ya ganda lake. Ncha ya waya huo ni fimbo ya chuma inayopita kwenye lile bomba ambalo mashine huinukia, na ugonjwa wake mkubwa uko hapo. Masika moja niliiacha boti wiki tatu bila kuigusa, nikakuta usukani umegoma kabisa, kwa kuwa chumvi na grisi iliyokauka vilikuwa vimeganda kati ya fimbo na bomba, na fundi alishinda akigonga juu ya kipande cha mbao mpaka alasiri. Kosa lilikuwa langu, maana niliiegesha mashine ikiwa imekatwa, yaani imegeuzwa, upande unaoitoa fimbo nje. Siku hizi naiegesha fimbo ikiwa imeingia yote, na grisi naipiga ikiwa hivyohivyo, kwa sababu ukiipiga ikiwa nje grisi hujaa bombani na fimbo hukataa kurudi. Ganda likishaingiza maji na waya ukaota kutu, usimsikilize anayetaka kuuloweka kwenye dizeli. Nunua mwingine wa urefu uleule.

Jambo la pili ni kwamba usukani wa waya usio na kifungio hurudisha nguvu ya propela mkononi. Kwenye mashine ya 60 unaweza kupunguza mvuto huo kwa kile kipezi kidogo kilicho juu ya propela: boti ikivuta kulia, ncha ya nyuma ya kipezi isogezwe kulia. Wauzaji watakuambia kuwa waya unahimili mashine hadi ya 150, na ni kweli unahimili, ila anayechoka ni nahodha. Wakati wa kusi, ukirudi kutoka Mbudya na mawimbi yakikupiga, mkono hufa ganzi, na ukiuachia usukani ghafla mashine inaweza kujikata yenyewe na kuwatupa abiria upande mmoja.

Haidroliki imeondoa taabu hiyo. Usukani wenyewe ni pampu inayosukuma oili kwa mipira miwili hadi kwenye silinda iliyofungwa mbele ya mashine, na vali zake huizuia oili kurudi, hivyo mashine hukaa pale ulipoiacha. Bei yake ni mara kadhaa ya waya, na nayo ina maudhi yake. Aliyenifungia hakutoa vizuri upepo ulionaswa kwenye oili, na siku ya kwanza karibu na Feri, pantoni ikiwa inavuka, nikazungusha usukani karibu mzunguko mzima kabla boti haijaitika. Baadaye muuza vipuri mmoja akaniuzia oili ya breki akisema ni kitu kilekile; sili zinazozuia oili isivuje zikavimba, nikabadilisha zote. Tumia oili aliyoitaja mtengenezaji, na ukiona fimbo ya silinda ina unyevu wa oili au usukani umelegea mkononi, usitoke.

Kwa mashine ya 60 nisingekushauri uitupe pesa hiyo, lakini kwa 115 yenye abiria wanaolipa, mimi ningefunga haidroliki. Kabla hujamlipa fundi, mwambie ainue mashine hadi mwisho, aikate kulia na kushoto, nawe uchungulie kama silinda na mipira havigusi ukuta wa tezi, yaani wa nyuma ya boti.