Elijah Abel alipitia mlango gani?
Ndugu, unasema habari ya weusi kunyimwa ukuhani wa Wamormoni, kanisa lililoanzia Marekani, ni uzushi wa mahasimu wao. Si uzushi. Brigham Young, kiongozi wao baada ya mwasisi Joseph Smith, alitangaza katazo hilo Utah, Marekani, mwaka 1852, likadumu hadi Juni 1978. Kinachonikwaza zaidi ni Elijah Abel, mtu mweusi aliyepewa ukuhani mwaka 1836, Joseph Smith mwenyewe akiwa hai. Kama Mungu ndiye aliyekataza, huyu alipitia mlango gani? Baadaye aliomba ibada za hekaluni, akakataliwa. Sababu? Laana ya Kaini, eti weusi ni uzao wake, au eti roho zetu zilizembea kabla hatujazaliwa! Mwaka 2013 kanisa lenyewe lilizikana nadharia hizo kwa maandishi. Radhi rasmi, sijaisikia.