Gazeti la kujazia boksi la zawadi: linachafua

Dada, umeuliza kama gazeti lililokatwakatwa la kujazia boksi la zawadi litachafua shuka nyeupe unazoweka ndani. Ndio, litazichafua. Wino wa magazeti mengi haukauki kabisa, unanyonywa tu na karatasi, ndiyo maana vidole hubaki vyeusi ukimaliza kusoma. Mimi hufunga zawadi hapa Kibuye, Kisumu, na kuna foronya za bibi harusi nilizilipa mfukoni mwangu kwa sababu ya gazeti.

Tumia kurasa za daftari kuukuu au pakiti ya unga, ile ya karatasi ya kilo 2. Ikung'ute, uifute kwa kitambaa kikavu, la sivyo unampelekea mtu wadudu.

Na ulivyosema vipande vyako vinalala bapa: makasi hayana kosa. Kunja karatasi mbele na nyuma kama feni ya kujipepea, mikunjo ya nusu sentimita, uibonyeze kwa ukingo wa rula. Kisha kata vipande vya kama milimita 3 ukiikatiza mikunjo, usiifuate. Kila kipande kikifunguka kinatoka kwa zigizaga na kinadunda kama springi. Ukikata kwanza ndipo ukunje kimoja kimoja, kutakucha bado uko hapo. Fanya karatasi moja moja lakini, tabaka zikizidi makasi yanateleza.

Risiti za supamaketi ziache kabisa. Zimepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na boksi likikaa kwenye matatu juani utajionea.