Mnaosema nalipwa kwa kukaa benchi

Mdogo wangu, na ninyi nyote mliosambaza ile sauti kwenye kundi la timu yetu ya zamani, nimeisikiliza mpaka mwisho. Inasema mimi ni kipa wa kulipwa Ulaya, hata kudaka sidaki, nakaa tu benchi mshahara unaingia, juu yake naletewa hela za FIFA, na kwamba nimewabania wenzangu njia. Jana yake wewe mdogo wangu ulishaniuliza faraghani kama uache shule uje, maana "hata benchi la huko linalipa". Nawajibu wote kwa pamoja, kwa sababu nimechoka kujibu mmoja mmoja na kwa sababu hiyo sentensi ya mwisho imenichoma.

Baridi na upweke mnavijua, sivirudii. Hela nitazisema haraka. Zile dola 30,000 kwa kila mchezaji zilizotangazwa na FIFA mwaka 2023 zilikuwa za wachezaji waliokuwemo kwenye vikosi vya Kombe la Dunia la wanawake la mwaka ule. Mimi sikuwemo. Mnanitajia pia Racheal Kundananji wa Zambia, aliyekwenda Bay FC ya Marekani mwaka 2024 kwa bei ya uhamisho iliyovunja rekodi ya soka la wanawake. Kweli, na nilishangilia kama ninyi. Lakini bei ile klabu inailipa klabu, mchezaji haiweki mfukoni. Na Kundananji ni mshambuliaji. Hata waliofuata kuivunja rekodi mwaka 2025, Naomi Girma, Olivia Smith, Lizbeth Ovalle, hakuna kipa kati yao. FIFA yenyewe ilipokusanya hesabu za klabu za wanawake duniani, wastani wa mshahara wa mchezaji ulitoka kama dola 10,900. Kwa mwaka, jamani, msisome kwa mwezi. Toa kodi ya serikali, toa pango, toa nauli, halafu ndiyo ije "dada, nina shida kidogo".

Sasa hilo benchi.

Mshambuliaji wa akiba anaingia dakika ya sabini, anagusa mipira mitatu, watu wanamwona. Kocha ana ruhusa ya kubadilisha wachezaji watano, na hakuna kocha anayeweka hata nafasi moja kati ya hizo kwa ajili ya kipa. Kipa namba mbili anaingia mwenzake akiumia au akila kadi nyekundu, basi. Fikiria kuishi hivyo: riziki yako imesimama nyuma ya balaa la mtu unayemheshimu, unayekula naye, unayefanya naye mazoezi kila asubuhi. Kila anapoanguka na kuchelewa kuinuka, moyo wangu unaruka, halafu nauonea aibu huo moyo.

Siku ya mechi natoka naye uwanjani kabla ya timu nzima, kwa sababu mimi ndiye ninayempasha misuli. Nampigia mipira ya chini, kulia na kushoto, kisha krosi, kisha mashuti ya karibu. Ile ya mwisho kabisa nampigia ya kifuani, aidake vizuri, aingie mchezoni akijiamini. Baada ya hapo nakusanya mipira, nabeba koni, navaa koti. Dakika tisini nimebana vidole kwapani, maana vikifa ganzi nikaitwa ghafla, mpira wa kwanza utanitoka. Na ukiitwa ghafla, wakati mwingine ni penalti: mwenzako kamwangusha mtu ndani ya boksi, katolewa, wewe unaingia mwili umepoa na glavu kavu. Glavu kavu hazishiki. Unazitemea mate huku unakimbilia golini, uwanja mzima unakutazama, na mpigaji ameshaweka mpira.

Siku inayofuata waliocheza wanapumzika, sisi wa benchi tunakimbizwa. Mazoezi yakiisha, washambuliaji wanaotaka kunoa shabaha wanahitaji mtu golini, na mtu huyo ni mimi. Naoga na vidole vimefungwa plasta kwa sababu kuzifungua na kuzifunga upya kunauma zaidi. Mtu asiniambie tena nakaa tu.

Kinachoumiza zaidi ya vidole ni mkataba. Wa kwangu ni wa msimu mmoja. Mshahara wa msingi ni mdogo, na kila kinachonona kimefungwa kwenye kucheza: posho ya mechi, bonasi ya kutofungwa. Usipodaka huvigusi. Usipodaka huna video mpya ya kuionyesha klabu nyingine, na kocha wa timu ya taifa anapata sababu ya kuliruka jina lako. Kibali changu cha kuishi nacho kinafuata mkataba, kwa hiyo msimu ukikaribia kuisha na hakuna aliyeniita ofisini, naanza kushika kila senti. Shangazi, zile wiki nilipokwambia subiri na wewe ukasema Ulaya imenibadilisha, nilikuwa hapo. Kutuma natuma, mama anajua. Najua pia kwamba nilipoondoka niliacha goli letu halina mtu, na msimu ule mlivyofungwa nilikuwa nafuatilia kila matokeo. Hilo linanisumbua kuliko maneno yote ya kwenye ile sauti.

Mdogo wangu, usiache shule. Nasema tena, usiache shule. Na ukipata nafasi ya kweli, chukua, usiniulize mara mbili, maisha ya kudaka ni mafupi.

Naona kama najipinga, lakini nisikilize. Kipa Nadine Angerer alianza kuichezea Ujerumani mwaka 1996, halafu akakaa miaka na miaka nyuma ya Silke Rottenberg, kipa namba moja wa wakati ule. Rottenberg akaumia kabla ya Kombe la Dunia la 2007, Angerer akasimama golini, hakufungwa hata bao moja mashindano yote, na fainali akapangua penalti ya Marta wa Brazil. Mwaka 2013 akawa mchezaji bora wa dunia wa FIFA, kipa! Nikimkumbuka huyo navumilia. Nikiwakumbuka wote waliokaa nyuma ya mtu miaka ileile na hakuna anayeyajua majina yao, nakwambia baki huko, daka kila wiki, hata kama kiwanja ni kibovu na posho inachelewa. Kipa hukomaa kwa mechi.

Ndiyo maana nampenda Chiamaka Nnadozie alivyofanya. Alidaka Kombe la Dunia la 2019 akiwa na miaka 18, bado yuko Rivers Angels ya kwao Nigeria. Paris FC alikwenda 2020, tayari kipa wa kuaminika, na akawadakia mpaka Brighton ya Uingereza wakamchukua 2025. Alikwenda kudaka. Wewe unataka kuja kukaa, tena kwa kuacha darasa.

Na hujafika miaka 18. FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa chini ya umri huo isipokuwa kwa masharti machache, kwa hiyo huyo anayekwambia "tutarekebisha cheti cha kuzaliwa" mkimbie. Wakala lazima awe na leseni ya FIFA, aionyeshe kabla hujampa hata nakala ya pasipoti. Asiye nayo asikuguse, hata akiwa mjomba. Ukishasaini mahali, jua hili: klabu ikikaa na mishahara yako ya miezi miwili bila sababu halali, unaiandikia barua, unaipa walau siku 15 ilipe, na isipolipa una haki ya kuuvunja mkataba. Wasichana wengi hawajui, wanalia chumbani miezi mitano.

Soma pia kifungu cha majeraha, hasa cha kichwa. Briana Scurry, aliyepangua penalti ya Kombe la Dunia la 1999 kwa Marekani, aligongwa kichwa 2010 akicheza klabu na hakudaka tena. Maisha yalimbana mpaka akaweka rehani medali zake za dhahabu za Olimpiki. Kama yeye alifika huko, sisi tusio na medali tusome mkataba mpaka ukurasa wa mwisho.

Haya, maliza mitihani. Halafu nitumie video ya mechi nzima, tena ile mliyofungwa, vile vipande vya kuruka na muziki sivitaki. Kocha wetu wa makipa ataangalia unavyosimama krosi ikija na miguu yako mpira ukirudishwa nyuma. Nitamwonyesha mwenyewe. Akisema hapana nitakuletea hiyo hapana kama ilivyo, na akisema ndiyo, usisaini chochote kabla sijakisoma.