Mkeo Hana Kosa, Anadai Ripoti ya Robo Mwaka

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mume wa miaka 38, naishi Perth, Australia, na mke wangu ambaye ni muuguzi. Tuna watoto wawili. Tangu 2022 nimewekeza kidogo tu kwenye kampuni ya chipu za akili mnemba zinazoiga ubongo, iliyoko kwenye soko la hisa la huku. Nilianza na hisa 7,000 kwa dola 1.40 kutoka akiba yetu ya kujenga Mwanza. Bei iliposhuka nikaongeza 10,000 kwa senti 60, hela yangu ya zamu za ziada, kisha 14,000 kwa senti 30, kwa kadi ya mkopo yenye riba ya 20%. Leo bei ni senti 20, lakini leseni kubwa inakuja. Wateja hawatajwi kwa sababu wana mikataba ya siri. Mke wangu hana maono. Nikiamka saa nane usiku kuangalia simu, ananuna. Amehamishia dola 15,000 zilizobaki kwenye akaunti yake na amekwenda kunisemea kwa mama yangu. Nimshawishi vipi azirudishe, ninunue kabla leseni haijatangazwa?*
*Mwenye Maono, Perth*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hasara. Pesa ya jasho ikipotea inauma, awe aliyeipoteza ni nani.

Sasa tuseme kweli. Umeandika "kidogo tu", nami nikachukua kalamu. Fungu la kwanza ni dola 9,800. La pili ni 6,000. La tatu ni 4,200. Jumla ni dola 20,000 kwa hisa 31,000, wastani wa senti 64 na nusu kila hisa. Kwa bei ya senti 20 umebaki na dola 6,200. Dola 13,800 hazipo. Jumla hiyo wewe hukuiandika popote, umenipa vipande nikaunganisha mwenyewe, na mimi ni mtu unayemwomba msaada. Mkeo umempa vipande vingapi? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na yako inapotea hivyo hivyo.

Halafu hiyo saa nane ya usiku. Soko la Australia hufunguliwa saa nne asubuhi ya Sydney, ambayo kwenu Perth ni saa mbili, au saa moja miezi ile Sydney wanaposogeza saa mbele. Saa nane usiku hakuna hisa yako inayouzwa wala kununuliwa. Unachotafuta kwenye simu saa hiyo ni mtu wa kukwambia hukukosea. Mkeo ni muuguzi, anamjua mgonjwa asiyelala. Wewe unauita mnuno, mimi nauita wasiwasi wa mtu anayekupenda na ambaye asubuhi ana zamu.

Nije kwenye leseni, maana ndiyo unayoichumbia wakati mke unaye ndani. Kampuni hukuitaja na sitabahatisha. Nitachukua mfano wa BrainChip, kampuni ya chipu za aina hiyo kwenye soko la huko, kwa sababu hesabu zake ziko hadharani na imewapitisha wengi njia hiyo hiyo.

Fani yenyewe si uongo. Jina la nyuromofiki, yaani chipu zinazoiga ubongo, lilianza kwa Carver Mead wa chuo cha Caltech, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980. Chipu ya kawaida hukokotoa muda wote. Hizi hufanya kazi pale tu ishara inapobadilika, kama neva inavyoruka ikiguswa, kwa hiyo hula umeme kidogo sana na zinafaa kwa kifaa cha betri kinachosikiliza au kutazama bila kulala. IBM walitoa TrueNorth mwaka 2014, neva bandia milioni 1 kwa umeme wa miliwati 70 hivi. Intel wakatoa Loihi mwaka 2017. Zote mbili ni kazi za kusifiwa, na zote mbili zimeishi zaidi mikononi mwa watafiti kuliko madukani. Shika hilo: teknolojia inaweza kuwa nzuri miaka kumi na isimlipe mwenye hisa hata senti.

Kampuni ya aina hii haiuzi chipu nyingi. Inakodisha mchoro. Mteja akitia saini hulipa ada ya leseni mara moja, labda na malipo ya wahandisi wa kumsaidia, kisha mrabaha kwa kila chipu atakayouza. Wewe unasikia "leseni" unawaza fedha inayotiririka. Fuata safari yake. Baada ya saini, wahandisi wa mteja wanaingiza mchoro huo ndani ya chipu yao wenyewe, pamoja na kumbukumbu na vihisi, na kuuhakiki mwezi baada ya mwezi. Kisha unapelekwa kiwandani, ambako sahani za kuchapia mchoro peke yake zinaweza kugharimu mamilioni ya dola. Vigae vya kwanza vya silikoni hurudi baada ya miezi kadhaa, na mara nyingi kosa linaonekana na safari inaanza upya. Ikiwa chipu ni ya gari, kuna majaribio ya AEC-Q100: chipu 77 kutoka kila moja ya mafungu matatu zinawashwa kwenye joto kali kwa saa 1,000, na kasoro ikijitokeza ni kurudi nyuma. Ndipo mteja atengeneze bidhaa, aiuze, na robo mwaka ikiisha ndiyo mrabaha uhesabiwe. Kutoka saini hadi mrabaha ni miaka mitatu ukiwa na bahati. Kwa gari ni zaidi. Na wapo wanaotia saini kisha mchoro ukalala kabatini, kwa sababu bidhaa imefutwa au Arm, kampuni kubwa ya michoro ya chipu, wamewapa kitu cha kutosha. Arm walitangaza Ethos-U55, kiongeza kasi kidogo cha akili mnemba kwa vifaa vidogo, mwaka 2020, na kinakaa na vichakataji ambavyo wateja wanavitumia tayari. Pia programu za wengi hazikuandikwa kwa ajili ya neva zinazoruka. Lazima zigeuzwe, tarakimu zake zifupishwe, na usahihi ukishuka mteja anarudi kwa chipu aliyoizoea.

Hebu tuhesabu mrabaha. Chukulia chipu inauzwa dola 5 na mrabaha ni asilimia 2. Hiyo ni senti 10. Chipu milioni 10 zinaleta dola milioni 1. BrainChip ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 20 za Marekani mwaka 2023, na tena 2024. Kuzifidia kwa mrabaha wa senti 10 kunataka chipu milioni 200 kila mwaka. Tangazo unalolingojea halisemi milioni 200. Linasema mteja amesaini.

Na yamewahi kutangazwa. Renesas ya Japani walichukua leseni ya BrainChip Desemba 2020, MegaChips wakafuata 2021. Januari 2022 Mercedes-Benz walionyesha gari la VISION EQXX, ndani yake Akida, chipu ya BrainChip, ikisikiliza neno la kuamsha gari. Gari hilo lilikuwa la maonyesho, si la kuuzwa. Hisa ikapita dola 2 mwezi huo huo. Mapato ya 2022 yalikuwa karibu dola milioni 5 za Marekani, watu wakaona mlango umefunguka. Mwaka 2023 yakaanguka chini ya laki tatu. Wala hakuna kilichovunjika: ada ya leseni huja kwa mkupuo na kuondoka. Mwaka 2024 hisa zilifika chini ya senti 25. Desemba mwaka huo Frontgrade Gaisler wa Sweden, wanaotengeneza chipu za vyombo vya anga za juu, wakachukua leseni. Ni mteja wa heshima, lakini satelaiti hazitengenezwi kwa mamilioni.

Unasema wateja wamefichwa na mikataba ya siri. Hapa ndipo ninapokukatalia kabisa. Mkataba wa siri huficha jina. Haufichi fedha. Kampuni za namna hii hutoa ripoti ya fedha taslimu kila robo mwaka, fomu 4C, ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kuisha, yaani mwisho wa Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Fungua kifungu 1.1, mapokezi kutoka kwa wateja. Mteja wa siri akilipa, pesa yake iko pale bila jina. Tazama 1.9 uone kiasi kilichotoka kwenye uendeshaji. Tazama 3.1, fedha iliyopatikana kwa kuuza hisa mpya. Kisha 8.5, robo ngapi fedha iliyopo inaweza kuwafikisha. Kama 1.1 ni ndogo na 3.1 ni kubwa, kampuni inalishwa na wenye hisa. BrainChip kwa miaka kadhaa ilikuwa na mkataba na wawekezaji wa LDA Capital wa kuwauzia hisa mpya kwa punguzo, na idadi ya hisa zake imefika takriban bilioni 2. Kila hisa mpya inapunguza kipande chako. Nawe ukitaka bei irudi kwenye wastani wako wa senti 64 na nusu kwa hisa bilioni 2, unadai soko liithamini kampuni kwa dola bilioni 1.29. Linganisha na mapato ya chini ya nusu milioni ya dola za Marekani mwaka 2024.

Na kanuni 3.1 ya soko la hisa la Australia (si kile kifungu 3.1 cha fomu) inaitaka kampuni itangaze mara moja habari yoyote nzito ya kusogeza bei. Kwa hiyo dalili zinazookotwa mtandaoni, nembo pembeni ya picha, wasifu wa mhandisi aliyehama kazi, hataza iliyotaja hataza nyingine, hivyo ni vijiti. Mtu haokoti vijiti njiani akaviita nyumba. Nyumba mlikuwa mnaijenga Mwanza.

Sasa ndoa. Wanandoa wa zamani waligombana juu ya kiroba cha mchele na ada ya shule kwa sababu vyote vilionekana. Siku hizi mume anaweza kulala ubavuni mwa mkewe akiwa ameuza shamba na kununua kivuli, yote kwa kidole gumba, bila sahani moja kupungua mezani. Mwanamke anaishi na mtu ambaye mizani yake haioni. Akiuliza anaambiwa hana maono! Maono gani yanayoogopa kuonyeshwa mke? Wanaume wengi wananiandikia hivyo, na wanawake pia wapo, na kila mara neno la kwanza ni "hela yangu". Hela ya zamu za ziada ni yako vipi, wakati usiku ule ulipokuwa kazini kuna mtu aliyewalaza watoto? Mkeo ana nusu ya kaya hiyo. Kampuni usiyoijua inakutumia hesabu kila robo mwaka. Yeye tangu 2022 hajapata hata ukurasa mmoja.

Kuhamisha dola 15,000 hakukuwa uasi. Kulikuwa kuziba tundu la mtumbwi. Usiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao ndio huo alioushika. Na ungemlaumu kwa kwenda kwa mama yako, lakini angekwenda wapi? Angeweza kwenda kwa mwanasheria.

Fanya haya wiki hii. Kwanza, usinunue hisa hata moja. Futa oda zote ulizoziweka zikisubiri bei. Pili, uza hisa 21,000. Kwa senti 20 zinaleta dola 4,200, fedha inaingia siku mbili za kazi baada ya mauzo, na hiyo yote inakwenda kwenye kadi. Riba ya 20% juu ya 4,200 ni dola 840 kwa mwaka, na hakuna anayekuahidi kwamba hisa italeta hizo. Kama riba imeshalimbikizana, ongeza hisa za kutosha kuimaliza. Weka bei ya chini unayoikubali, usiuze kwa bei yoyote, maana asubuhi soko likifunguka bei huyumba.

Kwa kodi, Australia inakuruhusu kuchagua fungu unalouza, mradi una kumbukumbu. Chagua zile 7,000 za dola 1.40 na zile 14,000 za senti 30. Hasara yake ni 8,400 na 1,400, jumla 9,800. Hasara hiyo haipunguzi kodi ya mshahara, na wengi hukosea hapo. Inaandikwa kwenye fomu ya kodi na kusubiri faida ya mtaji ya miaka ijayo, bila kikomo cha muda. Mwaka wa kodi unaisha Juni 30. Usiuze leo na kununua kesho hisa zile zile ili upate hasara ya karatasi, mamlaka ya kodi inakataa mchezo huo.

Zitabaki 10,000, thamani dola 2,000. Hizo mwamue wawili. Akisema ziuzwe, uza. Akikubali zibaki, andikeni kwenye karatasi moja sharti la kuziacha: ripoti mbili zijazo, kama kifungu 1.1 hakijapanda, zinauzwa bila mjadala. Na kama kuna deni lingine ambalo hukunitajia, nami nashuku lipo, piga 1800 007 007, laini ya taifa ya ushauri wa madeni. Hawatozi.

Dola 15,000 zibaki kwake. Usiziulize, usizizungushe kwenye mazungumzo.

Kisha ukae naye mchana, si usiku, watoto wakiwa hawapo. Umpe daftari lenye mafungu yote matatu, tarehe, bei na ile kadi, umwachie alisome bila kumkatiza. Na kabla siku haijaisha mpigie mama yako, umwambie kwamba alichosema mkwewe ni kweli yote.