Wakubwa Huiona Teknolojia Mpya Mapema Kuliko Sote

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia. Yuko kwenye kampuni inayoongoza soko, kaandaa pendekezo la huduma ya mtandaoni, bosi wake kalisifu kisha kalifungia kabatini. Anauliza akomae au aondoke. Ujumbe wake umenichoma, maana njia hiyo nimeipita.

Watu husema kampuni kubwa huanguka kwa sababu hazikuona mabadiliko yakija. Mimi sikubali. Kamera ya kwanza ya dijitali ya kubebeka ilitengenezwa ndani ya Kodak kwenyewe, kampuni ya Marekani iliyotamba kwa filamu za kupigia picha, mwaka 1975, na mhandisi wao Steven Sasson. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja, tena isiyo na rangi, kwenye kanda ya kaseti. Waliiona kabla ya wengine wote! Lakini fedha yao ilitoka kwenye filamu, na kamera isiyohitaji filamu ilikuwa inatia mchanga kitumbua chao. Januari 2012 wakakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Fujifilm ya Japani, waliouza filamu vilevile, waliuhamishia ujuzi wao wa kemia kwenye vipodozi, dawa na utando wa skrini za LCD. Wapo hadi leo.

Kwetu, kwenye kampuni niliyokuwa nikifanya kazi, ilikuwa programu za uhasibu. Tuliziuza kwenye diski, leseni inalipwa mara moja, muuzaji anapata kamisheni nono. Nikapendekeza mteja alipe kila mwezi na kuitumia programu kupitia intaneti. Mkuu wa mauzo alitazama onyesho langu mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na kamisheni za vijana wangu zitatoka wapi?" Kimya. Kikao kikahamia ajenda nyingine. Baadaye mshindani mdogo akaja na wazo lilelile, wateja wetu wakamfuata mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa sahihi, na bado inaniuma kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia hivyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, acha kuwahubiria wakubwa wako ubora wa teknolojia. Wanaujua. Anza na kamisheni: tafuta ni nani atakayepungukiwa, umwonyeshe atakavyofidiwa. Omba kitengo kidogo chenye bajeti yake, kisichoripoti kwa mkuu wa bidhaa ya zamani. Narudia, kisiripoti kwake. Wakikataa hata hilo, anza kutafuta kazi kwingine mwezi huuhuu, ungali na ari.